Samaki Waliokunyweshwa Kahawa

Nimestaafu, ndiyo, lakini sijanyamaza. Mliniaga kwa soda na keki, vijana wa kituoni, mkanipa blanketi, kisha mmoja wenu akaniambia, "Madam Selina, tuandikie kidogo yale umepitia." Nadhani alikuwa anatafuta la kusema tu huku akingoja keki ikatwe. Basi ameyataka mwenyewe. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa ni vichache na nilivyonyang'anywa ni vingi zaidi. Nitawaandikia habari ya mavi ya samaki. Anayetaka neno la heshima aseme kinyesi. Mimi niliyashika kwa mikono yangu miaka ya mwanzo, na tukazoeana.

Nilifika Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, cheti cha maabara kwenye bahasha, miguuni viatu vya mchuchumio. Kituo kilikuwa nje kidogo ya mji, ukishapita maghala ya mahindi. Kazi yake ilikuwa kutafuta chakula cha samaki ambacho mkulima wa kawaida angeweza kujitengenezea nyumbani. Nilidhani nitakabidhiwa koti jeupe na darubini. Nikakabidhiwa gambuti, ndoo na mpira mwembamba wa plastiki. Aliyenikabidhi ni Mzee Naibei, Msabaoti wa miteremko ya Mlima Elgon, aliyekuwa akitunza matangi tangu kituo kifunguliwe.

"Hiyo viatu weka kwa kabati," akaniambia. "Hapa ni kufyonza mavi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na baada ya nusu saa mimi pia nilikuwa nimeacha.

Nyinyi sasa mna vyombo vizuri, kwa hiyo nieleze tulivyofanya. Matangi yetu yalichongoka chini kama faneli. Tilapia anakula juu, mavi yanazama taratibu hadi kwenye ncha, nawe unayafyonza kwa mpira kabla hayajayeyuka. Unayachuja kwa kitambaa, unayakausha, unayapeleka kupimwa protini. Ndani ya chakula tulikuwa tumechanganya unga wa kijani ambao tumbo la samaki haliwezi kuumeng'enya. Unaingia ulivyo na kutoka ulivyo, kwa hiyo ukilinganisha kilichoingia na kilichotoka unajua ni protini kiasi gani imebaki mwilini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Protini iliyoandikwa kwenye gunia ni ahadi tu. Hata manyoya ya kuku na vipande vya ngozi ya viatu yamejaa protini ukiyapima maabara, lakini mpe samaki uone kama atanenepa.

"Samaki anaweza kudanganya na mdomo," Mzee Naibei alipenda kusema. "Atakula hata matope ukimpatia. Lakini huku nyuma hawezi danganya."

Vijana wa bodaboda pale stendi walikuja kulijua jina la kazi yangu wakanibatiza Mama Mavi. Wakati huo bodaboda zilikuwa bado baiskeli, na nilipanda kwenye kiti cha nyuma nikiwa nimenyoosha shingo kama bibi harusi. Kazi mbaya si mchezo mwema. Wengi walionicheka walikuwa bado wanatafuta kazi.

Shida yetu kubwa miaka hiyo ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Kila kitabu kilisema chakula cha samaki kitengenezwe kwa omena, na kila jiko la Kitale na Bungoma lilikuwa linangoja omena hiyo hiyo. Unamwambiaje mama mwenye watoto asage mboga yao akawamwagie samaki? Kwa hiyo tukaanza kutafuta protini nyingine, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila protini ina mwenyewe. Tulipokwenda kichinjioni kuchukua damu ili tuichemshe na kuikausha, tulimkuta mama mmoja wa mtaa wa Kipsongo aliyekuwa akiuza mutura, ule utumbo unaojazwa damu na nyama, akatuuliza kwa ukali kama serikali nayo imeanza kuuza mutura. Mashudu ya alizeti yalikuwa na wenye ng'ombe. Mashudu ya pamba yalikuwa mbali, na yakifika yalikuwa yamepanda bei njiani.

Tulijaribu hata kumbikumbi. Nilisimama mbele ya wazee upande wa Bungoma nikaeleza kwa ufasaha jinsi kumbikumbi walivyojaa protini na mafuta. Nilisahau nilikuwa wapi. Kule kichuguu kina mwenyewe, mtu hurithi kichuguu kwa baba yake, na kumbikumbi waliokaangwa ni chakula cha kumpa mgeni unayemheshimu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza taratibu, "Na hao samaki, wamekuja kuoa hapa?" Nilikunja karatasi zangu nikaketi chini.

Iliyokuwa haina mwenyewe, tulidhani, ni soya. Ilikuwa inastawi vizuri, watu wengi hawakujua waipikeje, na bei yake haikutisha. Ndivyo tulivyofika Lugulu, kijiji cha upande wa Bungoma.

Kikundi cha Lugulu kilikuwa cha akina mama, na kiongozi wao alikuwa mjane aitwaye Mama Rael. Walikuwa wamechimba bwawa kwa majembe yao wenyewe, chini kabisa ya shamba la marehemu mume wake, penye chemchemi. Mahali hapo palikuwa na kesi. Shemeji yake, Wekesa, alitaka kupanda mikaratusi, maana kila mtu wakati huo alikuwa ameambiwa mikaratusi ni utajiri, na mikaratusi inapenda penye maji. Ukoo ukakaa kikao. Wakaamua kwamba bwawa lionyeshe faida, na kama halina faida, bonde lirudi kwa Wekesa. Hakuna aliyemuuliza Mama Rael kama anakubali. Mkitaka kujua protini ni kitu gani, anzieni hapo. Kwake protini ilikuwa ni bonde lile.

Mavuno ya kwanza yalikuwa aibu. Kituo kilikuwa kimewapa fomula kutoka mahali pengine, inasema soya bila kueleza zaidi, na wao wakasaga soya mbichi. Soya mbichi ina kitu ndani yake kinachozuia tumbo lisimeng'enye protini, na si tumbo la samaki peke yake. Walivua samaki wa kukaa kwenye kiganja. Tukarekebisha karatasi: soya ikaangwe kwanza. Mama Rael akaomba ukoo umpe nafasi moja tena, akapewa kwa shingo upande.

Safari hii samaki walikula kwa fujo. Nilishuhudia mwenyewe, ukirusha chakula maji yanachemka. Lakini hawakukua. Ilipita miezi, tukawapima, wembamba wale wale, vichwa vikubwa kuliko miili. Mkuu wa kituo wakati huo, tuliyemwita Daktari, alikuwa amechoka. Wafadhili walikuwa wanakuja kutembelea mradi na alitaka ripoti yenye jibu moja: omena inafaa, soya haifai, Lugulu ifungwe, vifaranga vya samaki vipelekwe kwa kikundi kingine karibu na barabara. Simsemi vibaya. Alikuwa na wakubwa wake pia, na hao walitaka jibu fupi. Akanituma mimi niende nikawaambie akina mama.

Nilifika Lugulu nikiwa nimeyapanga maneno ya msiba huo njia nzima. Mama Rael akaniketisha, akaleta nduma za kuchemsha na birika.

"Karibu Madam. Hii ni kahawa ya soya. Ile ya duka inafanya roho inapigapiga."

Ilikuwa nyeusi tititi, chungu, tamu kwa namna yake. Nikasifu. Nikauliza, kwa adabu tu, huwa anaikaanga vipi.

"Si ni pamoja na ile ya samaki," akasema. "Tunakaanga mara moja, bana. Kuni ni shida. Ikiiva, nusu tunaweka ya wageni, nusu tunasagia samaki."

Nikaweka kikombe chini. "Mnaikaanga mpaka iwe nyeusi hivi?"

"Si mpaka itoe moshi?" Akanitazama kama vile nimeuliza ugali unaiva vipi. "Mama mmoja wa kanisa alitufundisha, kitambo. Alisema ikiwa nyekundu tu hiyo bado, itakuumiza tumbo. Na nyinyi kwa karatasi mlisema kaanga. Sisi tulikuwa tunajua kukaanga hata kabla mkuje."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Karatasi yetu haikusema mpaka wapi, na wao walikuwa na njia yao ya miaka mingi, nzuri kabisa kwa kahawa. Protini ya soya ukiiunguza hivyo inafungamana na sukari yake na kuwa ngumu, tumbo linaipitisha tu. Harufu yake ndiyo iliyowafanya samaki wachangamkie chakula. Kwa miezi yote hiyo tulikuwa tumewanywesha samaki wa Lugulu kahawa.

Habari niliyotumwa sikuitoa. Mpaka leo sijaitoa. Badala yake nilimwomba Mama Rael awashe moto. Tukaweka mchanga kwenye sufuria ili joto lisambae sawa, tukamimina soya, tukakoroga. Kila mara nilikuwa natoa punje moja natafuna, nampa na yeye atafune. Ikiwa mbichi inakupa ladha ya majani. Ikiungua inakuwa chungu. Katikati hapo kuna mahali ambapo punje inavunjika vizuri kwa meno na inanukia karanga, rangi yake ya dhahabu. Hapo unaipua upesi, unaimwaga kwenye gunia ipoe, maana mchanga utaendelea kuipika. Andikeni hiyo mahali, kwa sababu sijaiona kwenye kitabu chochote cha ofisini.

"Hii?" Mama Rael akasema, bado anatafuna. "Lakini hii ni ya kula na chai."

"Samaki naye ana tumbo, Mama Rael."

Nilirudi Kitale na soya ya aina tatu: mbichi, ya dhahabu, na ya kahawa. Daktari alikuwa amesimama karibu na matangi.

"Madam, nilikutuma kufunga Lugulu. Hiyo magunia ni ya nini?"

"Daktari, sisi hatujawahi kupima soya. Tumepima kahawa." Nikamweleza yote, hadi birika.

Alisikiliza. Kisha akatoa ripoti kwenye faili. "Wageni wako njiani. Hii imeisha. Weka sahihi yako hapo, tuende kwa mambo mengine."

"Siweki."

"Unasema?"

"Imeandikwa soya ya Lugulu haimeng'enywi. Mimi ndiye ninafyonza mavi hapa, na hiyo soya haijapita kwa mpira wangu. Siweki sahihi."

"Madam Selina, usiniletee siasa. Hakuna tangi ya kupima. Zote ni za omena."

Nikamwambia matangi yapo, na anayeyaosha ni mimi. Daktari akamgeukia Mzee Naibei, kama mtu anayetafuta mwenye akili mahali pale. Mzee alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu, na mtu wa hivyo hatafuti makosa na mkubwa. Alivua kofia akaitundika kwenye msumari. Akafungua vali ya tangi la kwanza, maji yakaanza kutoka. Akafungua la pili, na la tatu. Daktari alitutazama sote wawili, akaenda ofisini akafunga mlango.

Tukasaga, tukachanganya na unga wa kijani, tukapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, tukaanika nyuzi zake juu ya mabati. Nikabandika jina kwenye kila tangi kwa herufi kubwa ili asije mtu kusema nilifanya kwa siri. Na mavi yalipoanza kushuka hatukuhitaji hata kungoja maabara. Tulitandaza vitambaa vitatu juani. Kwenye kile cha kahawa kulikuwa na rundo jeusi, chembe zimetoka karibu kama zilivyoingia. Cha mbichi kilikuwa kibaya pia, majimaji. Kwenye cha dhahabu mavi yalikuwa kidogo tu, membamba, yamechoka.

"Huyu amekula," Mzee Naibei akasema, akionyesha kitambaa cha mwisho.

Majibu ya maabara yalipokuja yalisema hivyo hivyo kwa maneno marefu. Nikayapeleka kwa Daktari. Akayasoma mpaka mwisho, na naamini aliyaelewa. Kisha akayatia kwenye droo, akasema samaki wachache kwenye matangi hawawezi kusimamisha ripoti. Ripoti ikaenda bila jina langu. Wageni wakaja, wakala kuku, wakaondoka. Jumatatu iliyofuata nikaambiwa sasa nitakuwa stoo, nikitunza magunia.

Mnaniuliza kama niliogopa. Niliogopa sana. Nilikuwa na watoto shuleni na mume ambaye kazi yake ilikuwa ya msimu, na nilijua mtu akitaka kukufukuza hakosi sababu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na sioni haya kuisema. Walitaka nimwandikie mwanamke aliyechimba bwawa kwa jembe kwamba ameshindwa, ilhali walioshindwa ni sisi wa karatasi. Stoo ile nilikaa mpaka nikastaafu. Panya wa Kitale wameshiba mahindi, wanatembea mchana bila wasiwasi, na mimi nilitembea nao.

Lakini stoo ilikuwa na dirisha la kutazama lango, na kwenye lango ndipo tulipouzia vifaranga. Kikundi cha Lugulu kilikuwa kimeondolewa kwenye mradi, sawa. Ila kituo kilimuuzia vifaranga mkulima yeyote aliyefika na chombo chake. Nikampigia Mama Rael simu.

"Kuja kama mtu yeyote tu," nikamwambia. "Na mitungi. Usitaje kikundi, usitaje mimi."

Akaja na wenzake, mitungi imefungwa kwa leso, wakapanga foleni pamoja na wakulima wengine. Nilikuwa dirishani nimeshika gunia nisilolihitaji. Daktari akapita. Akamtambua Mama Rael, najua alimtambua, kwa kuwa aliwahi kupigwa picha naye bwawani. Alisimama kidogo. Kisha akamwambia kijana wa vifaranga, "Wape maji ya kutosha kwa hiyo mitungi, ni mbali," akaendelea na safari yake. Hilo namshukuru, ingawa stoo hakunitoa.

Akina mama wakawatoa wale wembamba bwawani, wakaanza upya, na sasa wakawa wanakaanga mara mbili, sufuria ya samaki na sufuria ya wageni, huku wakinung'unika juu ya kuni. Kila mwezi nilikuwa nasikia kwa simu: "Madam, wanakula." Nami nauliza, "Wanakua?" Ananiambia, "Maji ni chafu, hatuoni." Nafasi ile ya pili ilikuwa bado haijaisha, lakini ukoo ulikuwa umeshachoka kungoja. Wekesa alikuwa ameanza kupita kando ya bonde na miche yake, akiipanga kivulini, akiimwagilia pale pale kwenye chemchemi ili kila mtu aone.

Siku ya kuvua niliomba ruhusa nikaenda Lugulu. Nilikuta ukoo umesimama ukingoni, wazee wamekaa kwenye viti walivyobebewa, na Wekesa yuko mbele, mikono nyuma. Alikuwa amekuja kuchukua shamba lake, na hakuficha. Mama Rael aliingia majini na gauni lake, wenzake wakashika upande wa pili wa wavu, wakaanza kuvuta.

Wavu ukakwama. Nilifikiri umeshika mzizi. Wakavuta tena, na maji yakapasuka. Tilapia walikuwa wanarukaruka juu ya kamba, wapana, migongo minene, wengine wakaruka mpaka nyasini. Mtu akapiga kigelegele. Mzee mmoja akainuka kwenye kiti chake akasahau fimbo. Uzito wa wavu ukawashinda akina mama, ukaanza kuwaburuta, na hapo Wekesa, bila kuombwa na mtu, akakunja suruali, akaingia majini akashika kamba. Alivuta kwa nguvu zake zote mpaka samaki wote wakafika ukingoni.

Walipomaliza alisimama kando yangu akiwa amelowa mpaka kifuani, anahema, anawatazama samaki kwenye karai. Alinitazama mimi kwa kuwa nilikuwa mtu wa serikali.

"Madam," akasema, "hii mikaratusi na samaki haiwezi kukaa pamoja? Nipande tu kwa hiyo kona moja. Hata nusu."

Nilifungua mdomo nimweleze jinsi mikaratusi inavyokausha maji. Mama Rael alikuwa amepiga magoti kwenye matope akitoa samaki kwenye wavu, na hakuinua kichwa.

"Panda kwako, shemeji," akasema. "Huku chini ni kwangu."